Naomba ushauri: mkataba wa mshauri mwelekezi wa kituo cha afya ukae vipi?

Habari zenu wakuu. Kituo cha afya hapa Moshi kinataka kumwita mshauri mwelekezi. Foleni ni ndefu na madai ya bima yanakatwa: saini ya mgonjwa haipo, au dawa haiendani na ugonjwa ulioandikwa. Kabla hajaja, kila mgonjwa atapewa kikaratasi cha kujaziwa saa aliyofika mapokezi, kwa daktari, maabara na dirisha la dawa, wiki 2 mfululizo. Bila hicho tutauziwa ripoti tu, na za hivyo kabati limejaa.

Kinachotusumbua ni malipo: asilimia 30 mwanzo, 30 baada ya kujaribu mabadiliko atakayopendekeza, 40 miezi 3 baadaye kama muda wa kusubiri umeshuka kweli. Washauri watakubali? Na mafaili ya wagonjwa, mshauri ayaone, au apewe takwimu zisizo na majina? Mliowahi kusaini mikataba ya hivi, kipengele gani kiliwaponza?