Tupeane uzoefu: Kompyuta ya mezani ya dizaini na gemu, ulichagua vipi vifaa na ulijutia nini?

MchoraUsiku

Wakuu, naomba tusirushiane orodha za vifaa hapa, zimejaa kila kona. Nataka visa vyenu: ulinunua nini na kikakufanya nini.

Naanza mwenyewe. Mchana nachora nembo na mabango, usiku nacheza gemu, na katikati naumizwa kichwa na Blender, programu ya 3D. Kwenye GPU, yaani kadi ya michoro, nilibaki na chaguo mbili: RTX 3060 Ti yenye kumbukumbu ya GB 8, na 3060 ya kawaida ya GB 12. Kila aliyezipima alisema Ti inakimbia zaidi kwenye gemu, na kweli inakimbia, nikaibeba. Halafu nikapata kazi ya sebule ya 3D yenye tekscha (picha za kuvalisha vitu) nzito kila mahali. Nikabonyeza kurenda, yaani kutoa picha ya mwisho, kwa Cycles ya Blender, ikagoma: kumbukumbu ya kadi imejaa. Nilikesha nashusha tekscha kutoka 4K hadi 2K, moja moja, zulia, pazia, mito ya kochi, mpaka ikapita. Kadi ina mbio lakini tumbo dogo. Ile niliyoidharau ingechelewa kidogo, ila ingekuwa na pa kuuweka mzigo.

Fundi_Nyaya

Pole mkuu. Mimi nililizwa na pawa saplai, kile kifaa kinachoigawia mashine umeme. Hela iliishia kwenye kadi na prosesa, chenji iliyobaki nikachukua pawa saplai ya wati 650, nyepesi kama boksi tupu. Photoshop wiki nzima, shwari. Nikifungua gemu, dakika kumi tu, pap! Giza, kama mtu kachomoa waya ukutani. Nikailaumu Windows, nikaipiga chini na kuiweka upya. Nikafuta draiva. Nikaazima RAM ya rafiki. Wapi!

Siku niliyokaa nikaisoma stika ya ubavuni ndipo nikaelewa. Laini ya 12V, ambako kadi na prosesa ndiko zinakonyonya umeme, iliandikwa ampea 30. Zidisha: wati 360. Hizo 650 zilikuwa hesabu ya kujumlisha laini zote ili namba ya kwenye boksi ipendeze. Na kadi ikizidiwa na mzigo huvuta umeme kwa mishtuko ya ghafla inayopita hata kiwango chake cha kawaida. Nimeshabadilisha, haijazima tena.

MchoraUsiku

Umenifanya niingie chini ya meza na tochi ya simu sasa hivi. Ampea 54. Nimepumua.

kipanya_kimya

Yangu ni aibu tupu. Nilinunua RAM mbili za GB 8, DDR4 ya 3200, nikazichomeka kwenye nafasi mbili za kwanza zilizopakana. Mazabodi (bodi kuu) yangu ina nafasi nne, na kitabu chake kinasema wazi: ukiwa na mbili, weka ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Nani anasoma kitabu? Juu ya hapo sikuwasha XMP, mpangilio wa kuipa RAM kasi yake iliyoandikwa, kwenye BIOS (programu ya msingi ya mazabodi), kwa hiyo ilitembea 2133 miezi minane, nami nalalamika kwamba mashine nzito. Dawa ilikuwa kuhamisha kipande kimoja na kubonyeza mara moja.

Ila kwa mnaotumia After Effects kwa video, kutoka GB 16 kwenda 32 nilipata nafuu ambayo prosesa mpya haikunipa.

herufi_moja

Mimi ndiye niliyenunua prosesa ya Intel yenye F mwishoni, GPU ikachelewa wiki mbili. F maana yake haina michoro ya ndani. Wiki mbili nina mashine yenye feni za rangi zote na skrini nyeusi tii.

Soketi_Ileile

Mimi sijutii. Nilianza na Ryzen 5 2600 kwenye mazabodi ya B450, miaka ikapita, nikachomeka 5700X palepale. RAM ileile, kesi ileile. Sharti moja: sasisha BIOS *kabla* hujang'oa prosesa ya zamani. Ukitanguliza kung'oa, mpya inaweza isiwake kabisa.

RangiHalisi

Mleta mada, napingana nanyi wote kidogo. Mnabishana kadi, skrini mnaikumbuka mwisho. Nilikuwa na ya paneli ya TN, 144Hz (picha 144 kwa sekunde), tamu kwa gemu, lakini ukiinamisha kichwa rangi inahama. Nikampelekea mteja nembo nyekundu, ikarudi kutoka kiwandani rangi ya tofali. Alinyamaza tu akiiangalia, na huo ukimya ulinichoma kuliko matusi. Sasa natumia paneli ya IPS inayofikia karibu sRGB yote, ule wigo wa kawaida wa rangi, na nimeipima rangi.

Halafu wenye 144Hz, hebu fungueni mipangilio ya skrini mwone Windows imewawekea ngapi.

MchoraUsiku

60.

Mwaka mzima. Msiniulize.