Nitapiga kura ya urais kwa mara ya kwanza 2027: kituoni mambo huwaje?

Nuru_Bamburi

Hamjambo wote. Uchaguzi wetu wa Kenya wa 2022 ulinikuta sijafikisha miaka 18, kwa hivyo Jumanne ya tarehe 10 Agosti 2027 ndiyo itakuwa mara yangu ya kwanza kushika karatasi ya kura. Naishi Bamburi, Mombasa, nafanya kazi duka la jumla, na nyumbani kwetu ni Voi. Kila ninayemuuliza siku yenyewe inakuwaje hunijibu kwa habari za wagombea. Mimi nataka kujua ya kituoni. Nikifika naanzia wapi? Karatasi nyingi zote hizo ni za nini? Na kura yangu ya urais, nikishaitumbukiza sandukuni, inakwenda wapi?

Jambo la pili: nijiandikishe huku au Voi? Baba anataka nipigie nyumbani. Mimi naogopa siku ile sitapata ruhusa, au nauli itakuwa imepandishwa.

La mwisho ndilo linaloniuma. Wenzangu kazini, karibu wote, wanasema hawatajisumbua kwa sababu rais hujulikana hata kabla watu hawajapanga foleni. Sitaki kuamini hivyo, lakini sina la kuwajibu. Mliowahi kupiga kura, nisaidieni kwa yale mliyoyaona wenyewe.

Mzururaji_Tudor

Dada Nuru, nitakwambia langu. Mwaka 2017 tulipiga kura tarehe 8 Agosti. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais, tarehe 26 Oktoba tukaitwa tena. Mwaka 2022 sikwenda. Nchi yangu naipenda, ila nilichoka. Unapiga kura siku moja, kisha unakaa karibu wiki nzima kazi zimesimama, watu wamenunua unga na kujifungia ndani, macho yote Bomas, ule ukumbi wa Nairobi matokeo ya urais yalikojumlishwa na kutangazwa. Anayekula kwa kibarua cha siku, wiki hiyo inamuumiza. Ukienda, nenda, lakini jiandae kwa hiyo subira. Hilo ndilo watu hawalisemi kwenye mikutano ya kampeni.

BiMkubwa_Likoni

Mwanangu Nuru, nimefurahi umeuliza ya kituoni. Mwaka 2022 nilikuwa wakala wa mgombea mmoja wa ubunge, huku Likoni, kwenye shule ya msingi. Wakala hukaa chumbani tangu masanduku yakiwa matupu mpaka karatasi ya mwisho ihesabiwe, kwa hivyo haya niliyaona kwa macho yangu.

Kupiga kura huanza saa kumi na mbili asubuhi, nasi tulikuwa ndani kabla ya hapo. Msimamizi wa kituo aliinua masanduku moja moja, akayageuza chini juu tuone hamna kitu, kisha akayafunga kwa lakiri za plastiki zenye namba. Namba zile kila wakala aliziandika kwenye daftari lake. Masanduku yenyewe ukiyatazama unaona mpaka ndani, na kila moja lina kifuniko cha rangi yake: nyeupe ya rais, samawati ya gavana, manjano ya seneta, kijani ya mbunge, zambarau ya mwakilishi wa wanawake, na ya mwakilishi wadi hudhurungi hafifu. Karatasi nazo hufuata rangi hizo. Kabla hujatumbukiza, tazama kifuniko.

Mwaka ule sisi wa Mombasa tulipata karatasi 5 badala ya 6. Za ugavana, zetu na za Kakamega, zilikuwa zimechapishwa na kasoro kwenye picha za wagombea, uchaguzi huo ukaahirishwa mpaka tarehe 29 Agosti. Tangazo lilitoka siku moja tu kabla, na wengi walifika hawana habari. Asubuhi nzima swali likawa moja: "Ya samawati yangu iko wapi?" Mzee mmoja alisimama katikati ya chumba akakataa kutoka, akiona amenyimwa haki yake. Karani, msichana wa makamo yako, alimwita babu, akamvutia kiti, akamweleza pole pole mpaka akaridhika. Basi fuatilia habari za jioni ya kuamkia uchaguzi, usijilalie tu.

Ukifika shuleni, usiunge foleni ya kwanza unayoiona. Shule moja huwa na vyumba kadhaa, kila chumba ni kituo chake kisichozidi wapigakura 700, na watu wamegawanywa kwa herufi za majina. Orodha hubandikwa nje. Nimewaona watu wameungua na jua foleni nzima, wamefika mlangoni, wakaambiwa jina lako liko chumba cha tatu. Mjamzito, mama aliyebeba mtoto, mzee na mgonjwa hupitishwa mbele, na foleni yetu haikumnung'unikia hata mmoja.

Ndani utatoa kitambulisho ulichojiandikishia. Ile karatasi ya kusubiria kitambulisho haifai, usiende nayo. Kisha utaweka kidole kwenye kifaa cha KIEMS, mashine ya tume ya uchaguzi ya kumtambua mpigakura, na picha yako itatokea. Huku kwetu wavuvi na mafundi wa mawe vidole vimelika, kifaa hakivisomi. Alikuja baba mmoja, kila kidole kikakataa. Mkewe alikuwa nyuma yake kwenye foleni, akampa ncha ya leso yake apanguse mikono. Alipojaribu tena kidole gumba cha kushoto kikakubali. Na hata kingekataa, asingerudishwa nyumbani: angetafutwa kwa namba ya kitambulisho, fomu ingejazwa mbele yetu mawakala, naye angepiga kura yake. Mtu akikwambia vidole havisomeki kwa hivyo nenda zako, usiondoke. Omba kuzungumza na msimamizi.

Sasa kura yako ya urais. Saa kumi na moja jioni foleni hufungwa, lakini aliyekwisha kusimama humo atapiga kura hata giza likiingia. Baada ya hapo sanduku la rais ndilo hufunguliwa kwanza. Msimamizi hukunjua karatasi moja, husoma jina kwa sauti, huiinua mawakala wote waione, kisha huiweka kwenye fungu la mgombea huyo. Halafu nyingine. Tulikuwa tumechoka na njaa inatuuma, lakini hakuna aliyeondoa macho kwenye mikono ile. Zilipatikana zenye alama kwenye majina mawili, zikakataliwa. Moja mtu alikuwa ameandika ombi la maji ya mfereji, kuanzia juu mpaka chini, kwa mwandiko mzuri, bila kutia alama kwa mgombea yeyote. Nayo ikakataliwa. Iliniuma sana, maana mwenyewe aliamka usiku kwa ajili yake. Nchi nzima kura za urais zilizokataliwa zilipita 113,000. Alama moja, ndani ya kisanduku kimoja, basi. Usiandike jina lako wala neno jingine lolote.

Hesabu ikiisha hujazwa Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kituo hicho. Mawakala hutia sahihi na kupewa nakala, moja hubandikwa hapo kituoni kila mtu aisome, na picha yake hutumwa kwa kile kifaa cha KIEMS. Mwaka 2022 picha za fomu hizo, za vituo zaidi ya 46,000, ziliwekwa kwenye tovuti ambayo yeyote mwenye intaneti aliweza kuifungua. Nilipiga ile ya mlangoni kwa simu yangu. Kesho yake nikaitafuta ya kituo chetu, nikalinganisha tarakimu kwa tarakimu, za kila mgombea na zilizokataliwa. Zilikuwa sawasawa. Na tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 2017, hesabu ya kituoni ndiyo ya mwisho: wa juu wanajumlisha, hawana ruhusa ya kuibadilisha. Hilo ndilo la kuwajibu wenzako, mwanangu. Bomas sote tuliitazama kwenye televisheni, lakini mlango wa shule ya mtaani kwako unaweza kuufikia kwa miguu, na kilichosomwa Bomas kilianzia pale.

Mwanangu wa Tudor, uchovu wako ni wa haki. Ile subira mimi pia niliiishi, kutoka Jumanne mpaka Jumatatu ya tarehe 15 Agosti 2022. Sheria inaruhusu siku 7, na hatuwezi kuwakimbiza watu wanaokagua fomu. Lakini tazama: Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141, Odinga aliyemfuata 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Igawanye kwa vile vituo, ni kura kama 5 kwa kila kituo. Tano! Na waliojiandikisha wasitokee walizidi milioni 7. Mahakama ya Juu ilithibitisha matokeo yale tarehe 5 Septemba, na sitaki tubishane hapa nani alistahili. Ninachosema ni kwamba kwenye orodha ya chumba chetu, walioacha kuja walikuwa wengi kuliko watano, na baadhi yao ni majirani zangu.

Mwana_wa_Wundanyi

Bi Mkubwa amemaliza karibu yote. Naongeza moja ambalo Nuru pengine atalihitaji, kwa kuwa kila ukoo una mtu wake.

Mama yangu haoni. Mwaka 2022 alisema wazi kwamba anataka kuingia na mimi, hataki kuwekewa alama na mtu asiyemjua. Sheria inamruhusu: mpigakura asiyeweza kutia alama mwenyewe huchagua mtu wa kumsaidia, mtu huyo awe ametimiza miaka 18, na hawezi kusaidia zaidi ya mpigakura mmoja. Asipokuwa na mtu, msimamizi ndiye humsaidia mbele ya mawakala. Nilijaza fomu ya kuapa kutunza siri, tukaenda kwenye kibanda. Nikamsomea majina ya urais manne, kwa sauti ya chini, kuanzia la kwanza. Akaniambia rudia. Nikarudia. Akachagua, na hakuchagua niliyemtaka mimi. Nikaweka alama pale aliposema yeye. Kisha akaikunja karatasi kwa mikono yake, nikamsogeza mpaka sandukuni, akapapasa kifuniko mpaka akapata tundu. Kwa karatasi zote ilichukua muda, na karani mmoja alianza kutuharakisha. Wakala wa chama ambacho nyumbani kwetu hatukipendi ndiye aliyemwambia, "Mwache mama apige kura yake." Tangu siku hiyo nikimkuta njiani nasimama kumsalimia.

Kuhusu Voi au Bamburi: kura ya rais uzito wake ni uleule popote. Mshindi anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote halali, na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Linalobadilika ni gavana, mbunge na mwakilishi wadi. Mimi nimejiandikisha nyumbani kwa sababu barabara ninayotaka itengenezwe iko nyumbani. Wewe barabara yako ya kila siku ni ipi?

Nuru_Bamburi

Shikamoo Bi Mkubwa. Nimesoma majibu haya kwa sauti chumba cha chakula kazini, na ile hesabu ya kura 5 imezua ubishi mpaka mmoja akatoa simu kugawanya mwenyewe. Kaka wa Wundanyi, barabara yangu ya kila siku ni ya Bamburi, maji ninayonunua kwa mitungi ni ya Bamburi. Baba nitamweleza kwa heshima, nadhani atanielewa.

Nikishapiga kura naruhusiwa kukaa pale mpaka jioni nione zikihesabiwa?

BiMkubwa_Likoni

Marahaba mwanangu. Chumbani hubaki mawakala, waangalizi, waandishi wa habari walioidhinishwa na watu wa kituo. Wewe ukishatiwa wino kidoleni na kurudishiwa kitambulisho, toka uende ukale. Rudi usiku au kesho yake asubuhi, fomu itakuwa imebandikwa. Karatasi yako ya kura usiipige picha kabisa, hiyo ni siri na utajitia matatani, lakini Fomu 34A imebandikwa ili isomwe.

Na kama unataka kuona hesabu yenyewe, anza mapema kuuliza nafasi za ukarani au uwakala. Vyama huhangaika kupata mawakala wa kila chumba, hasa wanaojua kusoma fomu na wasiosinzia.

Mzururaji_Tudor

Bi Mkubwa, mimi sijaahidi chochote. Ila nauliza: 2022 sikupiga kura, jina langu bado limo kwenye sajili au nianze upya?

BiMkubwa_Likoni

Bado limo, mwanangu. Kukosa kupiga kura hakukufuti. Usijiandikishe mara ya pili, hilo ni kosa kisheria. Ukitaka kubadilisha kituo, omba uhamisho. Kabla ya uchaguzi hutolewa muda wa kukagua sajili, nenda utazame jina, namba ya kitambulisho na kituo kama viko sawa. Ukiamua kutoka siku ile, ukipita jioni kusoma fomu uwe na tochi ya simu na chaji ya kutosha. Shuleni kwetu nje hakukuwa na taa, watu walikuwa wanasoma matokeo kwa kupokezana simu moja.