Matumbo ya herufi yamedondoka kwenye pleti ya geti, naombeni ushauri wakuu

Mchora Mageti
Wakuu, habari zenu. Kazi yangu ni kuchora fulana na mabango, chuma nimeanza mwaka huu. Nimepata kazi ya geti: pleti ya 3 mm, futi 4 kwa 8, maua juu, katikati neno BARAKA, herufi za sentimita 20 za kutoboa. Nilichora kwenye Inkscape, programu ya kuchorea, nikahifadhi DXF, faili ambalo mashine inalisoma, nikapeleka flashi karakana yenye mashine ya plazma ya CNC, ile inayokata chuma kwa moto ikiongozwa na kompyuta. Matumbo ya herufi, yaani vile vipande vya ndani vilivyozungukwa na herufi kama A na B, yakadondoka, vipande vinne. B imebaki shimo tupu. Nataka kuvirudisha kwa kuchomelea nondo nyembamba kwa nyuma. Nondo ya milimita ngapi inafaa? Sijalala tangu juzi. Nawasilisha.

Mzee wa Grenda
Sisi tulichora kwa chaki juu ya bati, tukakata kwa gesi. Jina zima la msikiti nilikata kwa mkono, na hakuna tumbo lililodondoka, maana ukikata mwenyewe unaona unakoelekea. Vijana mnaiamini mno skrini.

Dada Pleti
Nondo tutaifikia. Mashine inafuata mstari uliofungwa: ikiuzunguka mpaka mwisho, cha ndani kinatoka. Tumbo la A au la B halijashikwa na kitu, kwa hiyo lazima uache daraja la chuma linaloliunganisha na pleti. Mimi kwenye 3 mm siweki daraja chini ya 6 mm, kwa sababu moto wenyewe unakula kama 1.5 mm, na daraja jembamba linapinda kwa joto. Hayo maua umechora mwenyewe au umeiachia programu ifuatishe picha?

Mchora Mageti
Picha niliipata kwenye simu, programu ikafuatisha. Ua moja lina nodi, vile vituo vinavyounda mstari, 4,000 na kitu. Lakini kwenye skrini ni safi kabisa, dada.

Dada Pleti
Skrini haina joto. Kwenye nodi zilizosongamana hivyo tochi inasitasita, moto unakaa pale pale, ukingo unatoka na meno na mavi ya chuma yanaganda chini. Tena ukifuatisha mstari wa kalamu, programu inakupa mistari miwili, wa kila upande wa wino. Punguza nodi kidogo kidogo huku ukiangalia umbo, futa mstari wa pili, funga kila penye mwanya. Tundu lolote lenye upana mdogo kuliko unene wa pleti litoe, halitakuja duara. Na muulize fundi kama programu yake inafidia upana wa moto. Kama inafidia, wewe usiongeze, vipimo vitahama.

Futi Nne
Umenikumbusha langu. Nilichora paneli kwa inchi, upana 48. Karakana wakafungua faili kwa milimita. Fundi ananiuliza, "Kaka, hiki ni kishikio cha funguo?" Kidude cha 48 mm! Tangu siku hiyo kila mchoro naweka mraba wa 100 mm pembeni, fundi aupime kwanza kabla ya kuwasha.

Bi Mkweli
Mimi chuma sijui. Pleti ni ya nani?

Mchora Mageti
Hilo halihusiani na matumbo ya herufi, mama.

Bi Mkweli
Linahusiana sana, mwanangu. Ni ya nani?

Mchora Mageti
Ya mteja. Aliinunua mwenyewe, na advansi yake nimeshaitumia. Nimemwambia umeme ulikatika mashine ikiwa kazini. Umeme kweli hukatika, sijamsingizia mtu. Ndiyo maana nataka nondo, geti lirudi bila yeye kujua.

Bi Mkweli
Atajua siku atakayolipaka rangi. Marehemu mume wangu alikuwa fundi seremala, aliharibu kabati la watu akaenda kusema siku ile ile. Mteja yule alituletea kazi miaka kumi.

Natia Nanga
Wakuu, hii ni chai. BARAKA ina matumbo sita: B mawili, R moja, A tatu. Huyu anasema vipande vinne. Viwili vilipaa?

Futi Nne
Duh, nimehesabu, kweli sita. Mleta uzi njoo ujibu.

Mzee wa Grenda
Nilijua tu.

Mchora Mageti
Si chai. Mashine ilisimamishwa baada ya R. Fundi aliniambia kabla hajawasha kwamba herufi hazina madaraja, nikambishia mbele ya watu. Ilipofika R akazima mwenyewe, akasema hataki kumalizia pleti ya watu. Herufi tatu za mwisho hazijakatwa, maua hayajaguswa. Niliona aibu kulisema.

Dada Pleti
Mbona ungelisema mwanzo! Kazi haijafa. Pleti bado iko mezani?

Mchora Mageti
Imeegeshwa ukutani.

Dada Pleti
Basi ikirudi mezani fundi ailenge kwa alama mbili zilizokwisha kukatwa, kona ya chini ya B na mguu wa R, la sivyo neno litapinda. A mbili zilizobaki zipe madaraja ya 6 mm, K haina tumbo, iache. Sasa nondo yako: 6 mm, ichomelee kwa nyuma kwenye B, A na R, wima, mahali pale pale ambapo daraja lingepita. Ukitazama kwa mbele herufi zote zitafanana.

Mchora Mageti
Nimerekebisha, faili nimekutumia inbox.

Dada Pleti
Nimeliona. Daraja la A ya mwisho lina mistari miwili iliyolaliana, tochi itapita mara mbili. Futa mmoja.

Bi Mkweli
Na mteja?

Mchora Mageti
Nimempigia. Anakuja karakana kesho saa nne, anataka kuiona R.