Cheni ya pikipiki: oili chafu, grisi au nini?

BodaNtyuka: Wakuu, naendesha boda hapa Dodoma, pikipiki ya cc 150, na njia zangu nyingi ni vumbi tupu. Cheni inalegea mapema mno. Naikaza, haipiti muda inaanza kelele tena, na sasa imefika mwisho wa kukazia. Kijiweni wengi wanamwagia oili chafu, wengine wanapaka grisi. Nifuate ipi? Cheni na sproketi zake, yale magurudumu ya meno inayozungukia, ni hela ya chakula nyumbani.

FundiMkongwe: Ndugu yangu, oili chafu acha kabisa. Imemwagwa kutoka kwenye injini kwa sababu imeshabeba masizi na chembe za chuma, halafu unazipeleka kwenye cheni!

Grisi nayo ni nzito, haipenyi. Wengi wanadhani cheni inalika pale inapokutana na meno ya sproketi. Inalika zaidi ndani, pini ya kiungo inapojisugua kwenye bushi yake, yaani kijibomba kinachoizunguka, mahali usipopaona. Grisi inabaki nje inakamata mchanga, na huo mchanganyiko ni msasa. Tunaposema cheni imerefuka, chuma hakijavutika: pini na bushi zimelika, kila kiungo kikaongeza upenyo mdogo, na viungo vinapita mia.

Tumia oili ya giaboksi, SAE 90 (hiyo namba ni kipimo cha uzito wa oili). Weka stendi ya kati, ZIMA injini, zungusha tairi kwa mkono. Nasisitiza kuzima, maana cheni inayozungushwa na injini inakata kidole. Sugua uchafu kwa brashi na mafuta ya taa, futa, iache ikauke. Kisha dondosha oili upande wa ndani wa cheni, ule unaogusa meno, ili mzunguko uisukume kwenda nje. Fanya jioni baada ya kazi, cheni ikiwa na joto. Oili inapata usiku mzima wa kupenya. Asubuhi futa yote iliyobaki juu. Hiyo ya juu haisaidii kitu, inaokota vumbi tu.

Mkazi_wa_Nala: Mimi naosha kwa petroli, inakauka haraka.

FundiMkongwe: Mkuu, petroli ni hatari ya moto. Na kama cheni yako ni ile yenye vijipete vya mpira kwenye viungo, petroli inaviharibu, na grisi ya kiwandani iliyofungiwa ndani inatoka. Ukishaipoteza hiyo huwezi kuirudisha.

BodaNtyuka: Shukrani fundi. Hii iliyopo nikiipaka SAE 90 itapona?

FundiMkongwe: Haiponi. Ishike pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa uivute. Ikiinuka hadi nusu ya jino ionekane, imekwisha. Badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja, kwani meno yaliyolika yanaila cheni mpya haraka. Ukifunga mpya usiikaze ikawa kama waya. Iachie mchezo, yaani nafasi ya kupanda na kushuka, wa sentimita 2 hadi 3 katikati ya sproketi mbili, au kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Mvua ikikunyeshea, ifute na uipake jioni hiyo hiyo.