Kilomita 60 za vilima Girona: mwendesha baiskeli wa tambarare nitaweza?

Mama Wawili
Wakuu, habari za asubuhi. Naishi Cologne, Ujerumani, mwaka wa sita sasa, na huku baiskeli ndiyo miguu yangu: kazini, sokoni, kumpeleka mtoto chekechea. Ila Cologne ni bapa kama chapati.

Mwezi wa tano mimi na mzee tunakwenda Girona, Hispania, siku tano. Ameshachagua njia ya mzunguko anayoiita "ya kawaida tu": unatoka Girona unapanda Els Àngels, unashuka Madremanya, unapita Monells na Cruïlles, unapanda tena Santa Pellaia, unatokea Cassà de la Selva, unarudi mjini. Kama kilomita 60. Ukijumlisha vipando vyote ni kama mita 800 za kwenda juu.

Kilomita hazinitishi, nilishakwenda Bonn na kurudi siku moja. Hizo mita 800 ndizo zinaninyima usingizi. Nimezaliwa Moshi, milima naijua, lakini nilikuwa naipanda kwa daladala. Nizunguke kwa upande upi? Nikodi baiskeli gani? Nikiishiwa nguvu katikati natokaje? Natanguliza shukrani.

Kisiki cha Mpingo
Dada, yaani ulipe nauli ya ndege ukateseke mlimani? Huku Kisarawe watu wanapanda na magunia mawili ya mkaa, gia hata moja hawana.

Mama Wawili
Hao ndio ningependa wanijibu.

Kisiki cha Mpingo
Watakujibu hivi: mlima ukikaza wanashuka, wanasukuma. Sijawahi kuona mtu akiwacheka.

Cheni Kavu
Naishi Barcelona na njia hiyo nimeizunguka mara nyingi, kwa hiyo nisikilize mimi, mzee atanisamehe.

Anza na Els Àngels. Ni kama kilomita 10 za kupanda, wastani wa asilimia 4 hivi. Si mkali, ni mrefu. Kosa la watu wa tambarare ni kuuvamia kwa mwendo wa barabara ya mjini. Kilomita ya tatu wanahema kama mbuzi wa mnadani. Weka gia nyepesi kabla hujaihitaji, na uende mwendo ambao bado unaweza kumsema mumeo. Ukishindwa kumsema, punguza.

Baiskeli: mwambie fundi wa duka akupe yenye gia za nyuma zinazofika meno 32 au 34, ndizo nyepesi za kupandia. Breki ziwe za diski, maana mteremko wa Madremanya una kona nyingi. Usishikilie breki muda wote. Kamata kabla ya kona, achia, kamata tena.

Kule juu usipite tu. Chepuka kidogo hadi kanisani. Hali ya hewa ikiwa safi unaiona Pirenei upande mmoja na bahari upande mwingine. Hapo ndipo mchoraji Salvador Dalí na mkewe Gala walipofunga ndoa ya kanisa mwaka 1958. Ya bomani walishafunga Paris mwaka 1934! Miaka 24 wanajifikiria.

Nyanya Mbichi
@Cheni Kavu hapo kwenye upande sikubaliani nawe. Mimi nilianzia Cassà, nikaacha Els Àngels mwisho. Unamaliza kwa mteremko hadi Girona, raha tupu.

Cheni Kavu
Raha yako wewe mwenye mapaja. Huyu dada akifika chini ya Els Àngels ana kama kilomita 40 miguuni, jua la mchana kichwani, na hana pa kukwepea. Akianza nao, kipando cha pili ni Santa Pellaia kutokea Cruïlles, mpole zaidi, kivuli cha mialoni ya magome kinamfuata. (Miti imechunwa magome shinani, usidhani ni ugonjwa. Magome hayo ndiyo vizibo vya chupa, Cassà imekula kwa kazi hiyo miaka mingi.)

Halafu Cassà ndiyo jibu la swali lako la tatu. Kuna njia ya Carrilet: reli nyembamba ya zamani, treni yake ilianza 1892 ikafa 1969, sasa ni ya baiskeli na watembea kwa miguu. Inakurudisha Girona bila kipando cha maana na bila magari. Ni udongo ulioshindiliwa, kwa hiyo omba tairi zisizo nyembamba mno.

Nyanya Mbichi
Hapo kwenye Carrilet umenimaliza, sikuijua. Mimi niongeze haya: nje ya mji kofia ngumu ni lazima kisheria. Dereva anayekupita anatakiwa aache angalau mita moja na nusu, na wengi wanaacha kweli, usishtuke mtu akikufuata taratibu akisubiri nafasi. Mabomba ya vijijini ukiona "no potable" usinywe. Na mkale Monells, pale uwanjani penye matao, ila jikoni kabla ya saa saba mchana hawakupi chakula cha maana. Beba ndizi.

Mama Wawili
MREJESHO. Tulianza na Els Àngels saa mbili asubuhi. Gia nyepesi tangu mwanzo, nikimsema mzee njia nzima kama nilivyoelekezwa. Wazee wa miaka sabini walinipita wakinisalimia. Nilishuka kusukuma mara moja, kama mita mia mbili, nikawakumbuka watu wa Kisarawe.

Monells tulifika mapema, jiko limefungwa, ndizi zikatuokoa. Santa Pellaia ndipo mambo yalipogeuka: mimi napanda polepole, mzee wa "njia ya kawaida" kabanwa na msuli wa paja, kakaa chini ya mwaloni ananiomba maji. Kutoka Cassà tukashika Carrilet bila mjadala.

Amelala tangu saa kumi na moja jioni. Kesho anataka twende baharini, kwa basi.

Kisiki cha Mpingo
Shemeji asukumwe.