Poni wangu anatembea kama anakanyaga makaa, nimkate kwato zaidi au nisubiri?

MamaWaKibada

Wakuu habari za leo, na shikamooni mlionizidi umri.

Niko Kibada, Kigamboni. Nina poni jike anaitwa Asali, na punda wawili. Kazi yake ni kuwapandisha watoto kwenye sherehe za siku ya kuzaliwa, Jumamosi na Jumapili. Tangu wiki iliyopita hataki kutembea. Akisimama anatanguliza miguu ya mbele halafu anaegemea nyuma. Kugeuka ndiyo shida kabisa. Kwenye mchanga afadhali, ila akikanyaga lami anasimama hapohapo.

Kwato za mbele zimerefuka, ncha zinapinda juu kama omo la jahazi. Za nyuma zinanuka. Mwezi jana nilimwita fundi, akakata mpaka damu ikatoka, na sasa ukimgusa mguu tu anarusha teke. Mume wangu anasema fadhila za punda ni mateke, na poni ni ndugu yake punda. Kijana wa banda anampaka oili chafu kila asubuhi. Banda lina tope tangu masika ianze.

Nimwite fundi mwingine amkate zaidi, au nisubiri mvua iishe?

Juma_Kongowe

Pole sana dada. Hiyo ni mvua tu. Wa kwangu alinuka kwato hivyohivyo, nikaosha na maji ya mrututu, wiki mbili akapona. Mtembeze kidogo asubuhi na jioni asije akakakamaa.

FundiKwato

Marahaba mama. Naomba usimtembeze. Juma amesema kwa nia njema, na kuhusu kwato za nyuma yuko karibu na ukweli, lakini za mbele ni ugonjwa mwingine kabisa.

Nimeanza usaisi, kazi ya kutunza farasi, nikiwa kijana, kukata kwato nikajifunza baadaye, na leo ndiyo kazi inayonilisha. Farasi anayetanguliza miguu ya mbele na kuegemea nyuma anakimbia maumivu ya ncha ya ukwato. Ndani ya ukwato kuna mfupa, na mfupa huo umeshikwa na ukuta wa nje kwa nyama laini zilizopangana kama kurasa za kitabu. Nyama hizo zikiwaka moto, mshiko unalegea, na uzito wote wa mnyama unauvuta mfupa kwenda chini. Madaktari wanaita laminaitisi. Kumtembeza ni kuzidi kuuchana huo mshiko.

Fanya haya leo, kabla giza halijaingia. Weka kiganja kwenye ukuta wa ukwato wa mbele, kisha kwenye wa nyuma, ulinganishe joto. Halafu shuka na vidole viwili nyuma ya kifundo cha mguu, pembeni, utafute mshipa. Kwa mzima mapigo ni hafifu, unaweza ukatafuta dakika nzima usiyapate. Yakigonga vidole vyako kwa nguvu, jibu umepata.

Kisha angalia ukuta wa ukwato kwa nje. Utaona mistari inayouzunguka. Kama nafasi kati ya mstari na mstari ni pana kisiginoni na nyembamba mbele, tatizo hili halikuanza wiki iliyopita. Ukwato wa farasi unakua kama milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, kwa hiyo ncha unayoiona leo ilitoka juu, kwenye mpaka wa ngozi, karibu mwaka mmoja uliopita. Mimi nikishika ukwato nausoma kuanzia chini kwenda juu: hapa alibadilishiwa chakula, hapa aliugua homa, hapa alikosa fundi miezi mitano. Ndiyo maana nakuuliza kabla ya kuzungumzia kisu: Asali anakula nini? Niambie kila kitu, hata kile anachopewa na watoto.

Na kuhusu mateke. Nimepigwa mateke mengi, mguu wangu wa kulia una kovu la moja. Karibu yote yalitoka kwa wanyama walioumizwa na aliyenitangulia. Asali alikatwa unyayo ukabaki mwembamba, na sasa kila mkono unaomjia mguuni ni mkono ule wa kisu. Hiyo siyo fadhila za punda. Mwambie hivyo mume wako kwa heshima zote.

MamaWaKibada

Asante sana baba. Nimepima. Za mbele zina moto, na mapigo yanagonga kweli, hata kijana wa banda ameyasikia. Mistari iko kama ulivyosema.

Chakula: pumba za mahindi ndoo ndogo asubuhi na jioni, na majani. Wikiendi watoto wanampa keki na mikate inayobaki. Mwezi jana nilipata pumba kwa bei nzuri nikamwongezea, alionekana mnene, nikafurahi.

FundiKwato

Usijilaumu mama. Hapa Dar mnyama mnene tunamhesabu mwenye afya, na pumba ndicho chakula kinachopatikana kila duka la mifugo. Ila poni na punda ni viumbe wa kula majani makavu kidogokidogo kutwa nzima. Wanga mwingi wa mahindi ukiutoroka utumbo mwembamba unafika kwenye utumbo mpana, unachacha, na sumu zake zinaingia kwenye damu. Tena mnyama aliyenenepa kupita kiasi anaweza kuugua kwato hata bila kula wanga mwingi kwa siku moja.

Pumba zisimame leo. Keki na mikate pia, hata kipande kimoja. Lakini usimshindishe njaa, hapo watu wengi wanakosea. Poni au punda mnene akinyimwa chakula ghafla, mafuta ya mwilini yanamiminika kwenye damu na ini linashindwa, anaweza kufa kabla kwato hazijapona. Mpe majani makavu, kilo 3 hivi kwa siku kama ana kilo 200, ugawe mara nne au tano. Yaloweke kwenye maji safi nusu saa au saa moja, uyamwage maji hayo, sukari nyingine itakwenda nayo.

Mwite daktari wa mifugo kesho asubuhi. Maumivu yanahitaji dawa yake na dozi yake, siyo vidonge vya binadamu vya kabatini. Akiweza kupata eksirei ya miguu ya mbele, mwombe, maana mimi nikiijua nafasi ya mfupa nakata kwa uhakika. Barafu inasaidia sana ikiwahi, ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, miguu ikizama ndani yake mfululizo. Kwa Asali muda huo umepita. Ila wewe unaishi upande wa pili wa Feri, barafu ya samaki ipo kila siku, kumbuka siku nyingine ukiona dalili.

Mhamishe kwenye sakafu kavu, mwaga maranda mengi mpaka kifundo kizame. Mwache alale akitaka. Kata vipande vya godoro la sponji, inchi mbili au zaidi, uvifunge chini ya kwato za mbele kwa tepu ya kufungia maboksi. Vikibonyea, badilisha.

Oili chafu acha kabisa. Inafungia uchafu ndani na kuunguza ngozi ya juu ya ukwato. Kwato za nyuma, kile kipande cha pembetatu kinachonyumbuka kama mpira kimeoza kwa tope na mkojo. Chokoa kuanzia kisiginoni kwenda mbele, osha, kausha kwa kitambaa, kisha paka iodini iliyochanganywa na maji. Mrututu wa Juma unaua vijidudu kweli, lakini unaunguza nyama mbichi, na wewe umesema damu ilitoka. Dawa yoyote haitafanya kazi akirudi kwenye tope.

Punda_Mbagala

Samahani kwa kudandia uzi. Punda wangu wa maji kakanyaga msumari leo, bado uko ndani. Niung'oe?

FundiKwato

Kama daktari anaweza kufika leo na msumari hauzidi kuingia akikanyaga, uache mpaka auone. Kama kila hatua inausukuma ndani, ung'oe, lakini kwanza piga picha, weka alama ya kalamu ya wino mahali ulipoingia, na uuhifadhi daktari aone urefu na mwelekeo wake. Tundu la msumari linaziba ndani ya saa chache na hutalipata tena.

Na muulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Wazee wetu hawakukosea kuupa ugonjwa jina hilo: punda na farasi wanaupata upesi kuliko mifugo mingine, vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo na samadi, vinapenda jeraha jembamba lisiloingiza hewa. Usingoje akakamae taya.

MamaWaKibada

Baba, daktari anakuja kesho saa mbili. Sherehe za Jumamosi nimezifuta zote. Je, wewe utaweza kuja kumkata? Na ataweza kubeba watoto lini?

FundiKwato

Umefanya vizuri kufuta. Kuhusu watoto, usiniombe tarehe. Ukuta mpya wenye mshiko mzuri unashuka polepole kutoka juu, mpaka ufike ardhini ni karibu mwaka. Kuna poni wanaorudi kazini kabla ya hapo na kuna wasiorudi, lakini aliyeharakishwa anarudi pale alipoanzia.

Nitakuja Jumapili asubuhi kabla jua halijawa kali, baada ya daktari kuanza dawa, ili aweze kusimama kwa mguu mmoja wa mbele mimi nikishika mwingine. Siku hiyo nitarudisha ncha nyuma kwa tupa tu, kisu hakitagusa unyayo. Baada ya hapo nitarudi kila wiki nne, kidogokidogo. Akichoka naushusha mguu, tunapumzika, tunaanza tena, hata ikichukua asubuhi nzima.

Kuanzia leo mpaka Jumapili, wewe mwenyewe, siyo kijana wa banda, ukae naye dakika chache kila jioni. Mshike bega, shuka na kiganja mpaka gotini, uondoe mkono kabla hajaanza kuukwepa. Usiinue mguu. Nataka nikifika awe ameshaguswa siku nne na mkono usiomuumiza.

Na kwato za mbele usiziguse kwa kisu wala tupa, nataka kuziona zilivyo.