Jenereta ya kilowati 2.5 inazidiwa na pampu ya nusu hospawa huku Mbeya

Mkazi wa Uyole

Habari zenu wakuu. Nina jenereta ya petroli ambayo kibandiko chake kinaonyesha kilowati 2.5 kama kiwango cha juu na kilowati 2.2 kwa kufanya kazi mfululizo. Ilipokuwa kwa kaka yangu Dar es Salaam ilibeba friji, televisheni, taa na pampu ya maji ya nusu hospawa bila shida. Tangu niilete Mbeya, pampu ileile ikiwashwa taa hufifia, injini hushuka mwendo kama inayotaka kuzima, na mara nyingine sakiti breka hujikata. Je, mashine imechoka? Aidha, fundi mmoja amenishauri nitengeneze waya wenye plagi pande zote mbili, niuchomeke kwenye jenereta na kwenye soketi ya sebuleni ili nyumba nzima ipate umeme. Naomba ushauri kabla sijafanya hivyo.

Fundi Jenereta

Ndugu, kwa maelezo yako sidhani kama mashine imechoka. Injini ya petroli ya aina hiyo hupoteza takribani asilimia 3.5 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Mbeya ipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo zile kilowati 2.5 zimebaki kama 2.0, na zile 2.2 za mfululizo zimebaki kama 1.75.

Sasa tazama pampu. Nusu hospawa ni wati 373 zinazotoka kwenye shafti, lakini mota yenyewe huvuta kama wati 550 ikiwa kwenye mwendo, na wakati wa kuanza huweza kuvuta mara tatu ya hapo au zaidi, tuseme wati 1,700. Ukijumlisha friji kwa wati 150, televisheni 80 na taa 50, unafika 1,980. Dar es Salaam nafasi ilikuwepo. Mbeya uko ukingoni, na kompresa ya friji ikianza sekunde ileile, injini lazima izidiwe.

Washa jenereta bila mzigo wowote, iache ichangamke, kisha washa pampu peke yake hadi tangi lijae, uizime, ndipo uwashe friji na vitu vidogo. Mzigo wa kudumu usizidi wati 1,400. Pampu ikivuma bila kuzunguka, ikate mara moja, kwa sababu mota iliyokwama huvuta umeme mwingi na koili zake huungua upesi. Ukiona moshi mweusi, petroli inazidi hewa, na fundi anaweza kukuwekea jeti (kitundu kinachopima petroli) ndogo zaidi kwenye kabureta, ingawa nguvu zote hazitarudi. Ukiipeleka tena pwani, rudisha jeti ya awali, la sivyo injini itapata joto kupita kiasi.

Fundi Umeme Iringa

Naunga mkono hesabu hiyo, ila mimi nimeshtushwa na waya wa plagi mbili. Ndugu yangu, usiutengeneze kabisa. Ukichomoa upande mmoja huku mashine inawaka, zile pini za shaba zilizo wazi mkononi mwako zina volti 230. Meni suichi ikisahaulika bila kuzimwa, umeme wako unarudi kwenye nguzo, unapita transfoma kinyumenyume na kupandishwa hadi maelfu ya volti, na fundi wa TANESCO aliyepanda akiamini laini imekatwa anaweza kufa. Umeme wa TANESCO nao ukirudi ghafla, jenereta yako inaungua.

Suluhisho ni chenji ova (swichi ya kuchagua chanzo cha umeme) yenye nafasi tatu, yaani TANESCO, zima na jenereta, inayokata laini na nyutro kwa pamoja, ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwombe atenge saketi ya hita ya kuogea isifikiwe na jenereta, kwani hita moja ya papo kwa papo huvuta zaidi ya wati 3,000.

Mama Tukuyu

Naongeza jambo moja kwa sababu ya baridi na mvua za huku kwetu. Watu wengi huiweka jenereta kwenye korido au barazani ili isiibiwe wala isilowe. Moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua waliolala bila kuwaamsha. Iweke nje, angalau mita 6 kutoka milango na madirisha, na bomba la moshi lielekee mbali na nyumba. Kama ni wizi, ifunge kwa mnyororo. Ekstensheni iwe ya waya mnene wa milimita za mraba 2.5, na uikunjue yote, maana ikiachwa imeviringishwa hupata moto.

Mkazi wa Uyole

Nawashukuru sana. Waya wa plagi mbili nimeuacha, na leo pampu ikiwa peke yake imewaka bila kusuasua. Je, pasi ya wati 1,200 inawezekana?

Fundi Jenereta

Inawezekana, kwa kuwa pasi haina mvuto mkubwa wa kuanzia kama mota. Zima pampu, na uchomoe friji wakati unapiga pasi, kwa sababu kompresa ikianza juu ya wati 1,200 utarudi kwenye tatizo lilelile. Friji isipofunguliwa hutunza ubaridi kwa takribani saa 4.